Deni la Moshi Mweusi

Mwaka 1999, Shintaro Ishihara, aliyekuwa gavana wa Tokyo, alianzisha kampeni ya kuyakataa magari ya dizeli jijini mwake. Mbele ya waandishi wa habari aliinua chupa ya plastiki yenye masizi meusi ya magari hayo, ili watu wayaone kwa macho yale waliyokuwa wakiyavuta kila siku puani. Mwaka 2001 sheria ya taifa kuhusu hewa chafu ya magari ikakazwa. Magari ya dizeli yasiyofikia kiwango, yakiwemo madogo ya kutembelea, yakawa hayawezi kuendelea kusajiliwa katika maeneo ya miji mikubwa kama Tokyo, Osaka na Nagoya. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa mitatu inayopakana nayo ikayafungia njia malori na mabasi ya dizeli yaliyotoa masizi kupita kipimo.

Gari linalokataliwa Tokyo halifi. Hupakiwa melini. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyokwisha kutumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Marekani na Japani, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko bara lolote. Tunayapokea Dar es Salaam na Mombasa kwa furaha, na furaha hiyo ni halali kabisa: mwalimu, muuguzi na mwenye duka la rejareja wamepata magari ambayo yangekuwa mapya wasingeyagusa maisha yao yote.

Lakini bei ndogo ina sababu yake. Gari la bei rahisi huja na gharama ambazo bado hazijalipwa. Mpira umechakaa, noseli za kurusha dizeli zimelegea, mkanda wa injini unakaribia mwisho wa safari yake. Atakayelinunua atazilipa gharama hizo kwa mafundi, moja baada ya nyingine. Asipozilipa, hazifutiki. Zitatoka kwenye bomba la nyuma zikiwa nyeusi, na atakayelipa ni mama lishe wa kando ya barabara, kijana wa bodaboda aliyesimama nyuma yako kwenye taa, na mtoto anayevuka kwenda shule. Ndiyo maana nimeanza kuutazama moshi mweusi kama deni, na kulitunza gari langu kama namna ya kulipa ninachodaiwa.

Langu ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 2C, dizeli ya sentimita za ujazo 1974, isiyo na turbo wala kompyuta ya kuisimamia. Nakaa Kibaha na kazi yangu iko Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 40 hivi kila upande, na kazi yenyewe ni ya zamu: kuna siku natoka wakati daladala za kurudi zimekwisha. Kwa safari za namna hiyo injini hii inafaa sana. Inakwenda kilomita 15 na zaidi kwa lita moja, haichoki kwenye foleni, na spea zake zipo Kariakoo kwa bei ambayo mshahara unaikubali. Ni gari la watu wa kawaida, na nalipenda.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel, mhandisi aliyeikamilisha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alijenga juu ya jambo moja: hewa ikibanwa sana hupata joto. Ndani ya silinda za Corolla yangu hewa hubanwa zaidi ya mara 20, ikawa na joto la kuwasha dizeli bila msaada wa kitu kingine. Dizeli hurushwa mle dakika ya mwisho, tena ikiwa imesagwa kuwa ukungu, ili kila tone likutane na hewa yake na kuungua lote. Uzuri na ubaya wote wa injini hii umo hapo. Hewa ikitosha na ukungu ukiwa mwembamba, bomba la nyuma halitoi kitu cha kuonekana. Hewa ikipungua, au dizeli ikija kwa matone mazito, mafuta hayaungui yote, na yasiyoungua vizuri hutoka kuwa masizi. Ni kama jiko lililoshindiliwa kuni hadi mdomoni: moto upo, ila hewa haina pa kupita.

Kwa hiyo moshi una lugha, na kila mwenye dizeli angefaa kuijua. Mweusi unasema mafuta ni mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, noseli zimekufa, au pampu ya dizeli imefunguliwa kupita kiasi. Wa bluu unasema injini inakula oili. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto unasema dizeli inapita bila kuungua, au maji yameingia mahali pasipo pake. Hakuna haja ya mashine ya kuusoma. Inatosha kumwomba mtu akanyage mafuta huku wewe umesimama nyuma ya gari lako mwenyewe, mahali wanaposimama wengine kila siku.

Nilipolinunua, Corolla hii ilivuta vizuri mno kwa umri wake, na kila nilipokanyaga mafuta kupanda kilima wingu jeusi lilibaki nyuma. Nikaipeleka kwa fundi wa pampu, mzee mwenye karakana ndogo Gerezani, aliyezungukwa na pampu za kila aina zilizofunguliwa juu ya magazeti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Gari linavuta?”

“Linavuta sana, ila linatoa moshi nikikanyaga.”

“Basi halivuti. Linamwaga.”

Alifungua noseli zote nne, akaifunga ya kwanza kwenye kifaa chake chenye mkono wa kubonyeza na geji ya presha. Akabonyeza polepole. Mshale wa geji ukapanda hadi karibu na 150, mara noseli ikalia mlio mkavu wa kukwaruza na dizeli ikatoka ukungu mtupu, uliochanua sawasawa pande zote. Akaifunga ya pili. Hiyo haikulia. Tone lilijikusanya kwenye ncha, likanenepa, likadondoka kwenye kopo, kisha dizeli ikafuata kwa mchirizi mmoja uliopinda upande. “Umeona? Hii inakojoa,” akasema, akaisogeza karibu na macho yangu ili nisiwe na shaka. Noseli ya tatu na ya nne hazikuwa na nafuu kubwa.

Kisha akanionyesha pampu yenyewe. Nyuma yake kuna skrubu ndogo yenye nati ya kuifungia. Skrubu hiyo ndiyo inayopanga kiasi cha juu cha dizeli kinachokwenda kwenye injini, na kiwandani huwekewa kizibo ili isichezewe. Ya kwangu haikuwa na kizibo, na nati ilikuwa na makovu ya spana.

“Waliokutangulia waliongeza nguvu,” mzee akasema. “Nguvu ya bure hiyo. Hawakununua kitu, walizungusha tu.”

Nimeifikiria sana skrubu ile. Ni maboresho ya bei nafuu kuliko yote yanayoweza kufanyiwa gari la dizeli la zamani: spana moja, robo mzunguko, na gari linapata msukumo ambao dereva anausikia mgongoni. Lakini injini isiyo na turbo ina hewa yake ileile, haiongezeki kwa kuombwa. Dizeli iliyozidi hewa haizai nguvu ya maana, inazaa joto la kuchosha injini na masizi ya kuwagawia wapita njia. Dereva anapata utamu mdogo, na uchungu wake unabaki barabarani kwa watu ambao hakuwauliza. Mzee alipoirudisha skrubu mahali pake na kufunga noseli mpya, gari lilipoteza kitu fulani kwenye vilima vya Kimara, na sasa nashusha gia mapema kuliko zamani. Nimekubali. Nikitazama kioo cha nyuma naiona barabara na walio nyuma yangu, wingu halipo.

Pampu na noseli zikishatengenezwa, adui yao mkubwa ni dizeli mbaya. Watanzania tunaukumbuka wakati wa kuchakachua. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kuliko dizeli, na wapo waliochanganya mafuta ya taa na dizeli wakauza mchanganyiko huo kwa bei ya dizeli. Pampu ya aina ya gari langu haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Chuma kikasagana na chuma, pampu zikafa kwa wingi, na wenye magari wakadhani ni uzee. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochezewa yatambulike, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ikapungua. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikaanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Hatua hizo hazikuimbwa na mtu, lakini zimesafisha vifua vingi kuliko tunavyojua, na zimewapa wenye magari ya zamani nafasi ya kuyatunza kwa haki.

Kinachobaki mikononi mwetu ni maji. Mvua za masika, tangi la kituo cha mafuta lenye kutu, unyevu wa pwani unaogeuka matone ndani ya tangi lililo nusu: yote hayo huishia kwenye chujio la dizeli. Chini ya chujio kuna kizibo kidogo cha kulegezwa kwa mkono, na juu yake kuna kitufe cha kupampu. Asubuhi ya Jumamosi naweka chupa ya kioo chini yake, nalegeza kizibo, napampu mara chache. Kinachotoka nakiacha kitulie. Dizeli hubaki juu, ya manjano na safi, na maji hukaa chini kwa mstari ulionyooka, wakati mwingine yakiwa na chembe za kutu. Maji yale yangefika kwenye noseli yangeitafuna. Kazi nzima ni ya muda mfupi, haina gharama, na sijaona kazi nyingine kwenye gari yenye malipo makubwa namna hiyo kwa jasho dogo namna hiyo.

Joto nalo lina mkasa wake. Injini ya 2C ina bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini juu yake. Metali hizo mbili hazitanuki sawa, na injini ikichemka hata mara moja tu hedi inaweza kupinda au kupasuka. Kwa hofu hiyo mafundi wetu wengi hung'oa tamosteti, wakisema nchi yetu ina joto na haihitaji kifaa cha nchi za baridi. Nia yao ni njema. Hata hivyo tamosteti haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya nje. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto linalounguza dizeli vizuri na kuiweka hapo. Injini inayokimbia ikiwa ya vuguvugu huchafua oili, hula mafuta zaidi na hutoa moshi zaidi. Tena, kwenye injini nyingi za Toyota tamosteti inapofunguka huziba njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupoa, na siku ya foleni ndefu yenye jua kali ndipo unapochemsha. Nilirudisha tamosteti, nikaosha rejeta, nikaacha maji ya bomba na kuweka kulanti, ambayo huzuia kutu ndani ya njia za maji. Mshale wa joto sasa unakaa mahali pamoja kuanzia Maili Moja, huku Kibaha, hadi mjini.

Mkanda wa taimingi ni jambo la daftari. Kwenye injini hii mkanda mmoja wa mpira ndio unaozungusha kemshafti na pampu ya dizeli, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Hautoi onyo. Ukikatika, valvu na pistoni hukutana, na injini nzima inafunguliwa. Mtu anayenunua gari la mkononi hajui mkanda ule umekimbia kiasi gani, kwa hiyo ubadilishwe mwanzo, na siku hiyo iandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na gari la zamani ni mali inayokwisha kimyakimya kuliko nyingi. Daftari langu ni la kawaida la shule. Kila mstari una tarehe, kilomita, kilichofanyika na bei: oili na chujio lake kila kilomita 5,000, chujio la hewa, breki, bushi, tairodi. Oili ya dizeli hugeuka nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, kwa hiyo rangi yake haisemi imefikia mwisho au la. Daftari ndilo linalosema.

Sasa nizungumzie maboresho, maana kila mwenye gari la zamani huwa na hamu ya kuliongezea kitu. Hamu hiyo ni nzuri, ni dalili ya mapenzi. Wengi huanza na rimu, spika, na wachache hufikiria turbo. Mimi nimejiwekea utaratibu: kwanza gari lirudi katika hali iliyokusudiwa na waliolitengeneza, ndipo liongezewe. Gari lililofikisha robo karne na kurudishwa katika afya yake limekwisha kuboreshwa kuliko mwenye nalo anavyodhani. Baada ya hapo nimeongeza vitu vichache. Kengele ya joto, inayolia kabla injini haijachemka. Rilei za taa za mbele, kwa sababu nyaya za zamani huzinyima balbu umeme wake na barabara ya Kibaha usiku ina watembea kwa miguu. Chujio la pili la kutenganisha maji na dizeli. Matairi manne ya aina moja. Mikanda ya viti vya nyuma inayofunga kweli, kwa ajili ya majirani ninaowapa lifti. Vyote hivyo vinamlinda mtu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mwingine alipie.

Wapo wanaosema jibu ni kununua dizeli mpya zaidi. Kwa kiasi wana haki. Injini za kizazi kipya hurusha dizeli kwa presha mara kumi na zaidi ya ile niliyoiona kwenye geji ya mzee, ukungu wake ni mwembamba mno, na nyingi zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Lakini chujio hilo hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu, na kwenye foleni zetu huziba. Likiziba, mwenye gari huambiwa libomolewe, bomba lirudishwe tupu, taa ya dashibodi izimwe kwa kompyuta. Gari la kisasa likifanyiwa hivyo linarudi nyuma miaka mingi kwa siku moja. Na tusidhani tabia hii ni ya mafukara. Septemba 2015 kampuni ya Volkswagen ilikiri kwamba magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Matajiri wakubwa wa viwanda nao waliona ni rahisi zaidi kuwasukumia wengine gharama. Upya wa gari haumfanyi mwenye nalo kuwa mwaminifu.

Uzito wa jambo hili unajulikana. Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayekaa ndani ya gari amefunga vioo. Anayeuvuta zaidi ni yule anayefanya kazi pembeni mwa lami, kutwa nzima, mwaka hadi mwaka, na mara nyingi hana gari wala hana bima.

Kwa hiyo naunga mkono kwa moyo wote kila kitakachopunguza magari barabarani, langu likiwemo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, Barabara ya Morogoro ilionja namna nyingine ya kusafiri, na siku yatakapopatikana kwa uhakika saa zote hadi huku kwetu, Corolla itabaki ya safari za shamba. Hadi siku hiyo, maelfu yetu tutaendesha magari ya dizeli yaliyokwisha kutumika, na namna tunavyoyaendesha ni suala la utu. Utu kwetu si jambo la msibani na harusini peke yake. Upo pia kwenye noseli.

Anayepanga kununua gari la namna hii namshauri ahesabu tofauti na tulivyozoea. Akiwa na shilingi milioni sita, atafute la milioni nne na nusu, na hiyo iliyobaki aitenge kwa ajili ya mwaka wa kwanza: mkanda, noseli, pampu kupimwa, rejeta, breki, matairi. Akishindwa kuitenga, asubiri. Aende kwa fundi mwenye vifaa vya kupimia, hata kama karakana yake ni gereji bubu chini ya mwembe, na amlipe bila kumkaba, kwa sababu fundi mzuri wa pampu anahudumia afya ya mtaa mzima. Kisha kila mwezi asimame nyuma ya gari lake, injini ikiwa imepata moto, amwombe mtu akanyage mafuta, atazame. Ukitoka moshi mweusi, ajue bei ya gari lake haijakamilika, na atoe fedha mwenyewe kabla hajalipiwa na watoto wa wenzake.